Siku Serikali Ilipoichoma Bazari ya Nairobi

Ndalu, kule Bungoma unapoelekea Kitale, ni senta ya maduka yaliyopangana kando ya barabara. Nilipokwenda kumtazama mtoto wa kaka yangu anayeuza vitambaa huko, aliniuliza: "Ami, kibanda kimoja kikishika moto hapa, cha pili kitasalimika?" Sikumficha, nilimwambia hakitasalimika. Kisha nikamsimulia ya Nairobi, maana nayo ilianza vivyo hivyo.

Reli iliyoanzia kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi Mei 1899. Wafanyakazi walipopiga kambi, wafanyabiashara wakawafuata, ikazuka Bazari ya Wahindi: vibanda vya mbao na mabati vilivyobanana, watu wakiuza mbele na kulala nyuma, juu ya ardhi ya kinamasi ambako maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1902 ikaingia tauni. Daktari wa serikali, Alfred Spurrier, akaamuru watu watolewe na bazari yote itiwe moto. Hapakuwa na jiko lililosahauliwa wala taa iliyoanguka. Biashara ya mji mzima iliteketezwa kwa amri.

Nisimwonee daktari. Tauni inaua, na dawa ya kuiponya ilikuwa bado haijapatikana. Lakini ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya, na panya gani atangoja aungue? Moshi ukianza tu, yuko kwa jirani. Mwaka 1904 tauni ilirudi Nairobi.

Wahindi walijenga tena, na jina la bazari likabaki kwenye Bazaar Street, ambayo leo ni Biashara Street. Ila maneno ya afya hayakuishia kwenye afya. Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa miji, naye akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe mitaa yao mbalimbali. Uchafu wa vibanda ukawa hoja ya ardhi.

Basi Gikomba inapoungua, kama usiku ule wa Juni 2018 walipokufa watu 15, usiwashangae wachuuzi wanaouliza kwanza ni nani anakitaka kiwanja. Swali hilo ni kongwe.

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ni vibaya kuweka karatasi za kiwanja na risiti za mali kwenye droo ya duka. Nikamwambia azitoe siku hiyo hiyo.