Kukata na Kukadiria

Sisi tunaohesabu mizani twajua kwamba silabi moja ikipungua, mshororo huchechemea. Historia ya kompyuta ina kisa cha upungufu mdogo kuliko huo, na kiini chake ni tofauti ya vitenzi viwili: kukata na kukadiria.

Mnamo Januari 1982, Soko la Hisa la Vancouver, nchini Kanada, lilianzisha fahirisi mpya ya bei kwa thamani ya 1000.000. Kila hisa zilipouzwa, kompyuta iliikokotoa upya na kubakiza nafasi tatu za desimali. Fahirisi ikawa yashuka mwezi baada ya mwezi, ingawa hali ya soko haikuwa mbaya kiasi hicho. Novemba 1983 ilisomeka 524.811.

Ikabainika kwamba programu ilikuwa ikizikata tarakimu zilizozidi badala ya kukadiria. Tuchukue 812.4567. Anayekadiria huandika 812.457, anayekata huandika 812.456. Wa kwanza mara hupanda, mara hushuka, na makosa yake hufidiana. Wa pili hushuka daima, kwa wastani wa takriban 0.0005 kila mara. Kwa maelfu ya mara kila siku, kijisehemu hicho kilimeza zaidi ya nusu ya fahirisi. Iliporekebishwa, ilisomeka 1098.892.

Kompyuta haina budi kukadiria. Kama vile theluthi isivyoishilia katika desimali, sehemu ya kumi haiishilii katika kizio cha mbili. Ndiyo maana Python, Java na JavaScript, lugha tatu zenye sarufi mbalimbali, zikiulizwa 0.1 + 0.2 hutoa jibu moja: 0.30000000000000004. Zote zafuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan alikuwa msanifu wake mkuu. Kwa kawaida, kanuni hiyo huamuru kukadiria hadi namba iliyo karibu zaidi; namba ikiwa katikati kabisa, huchaguliwa ile yenye tarakimu shufwa ya mwisho, ili makosa yasielemee upande mmoja.

Kukadiria kwatoka katika mzizi mmoja na kadiri: ni kukipa kitu kipimo chake. Nawasihi watunzi wa istilahi za kompyuta wasivichanganye vitenzi hivi. Huko Vancouver, tofauti yake ilikuwa pointi 574.