Kiharusi Kilikabidhiwa kwa Nani? Historia ya Ubingwa na Funzo Lake Kwetu

Katika mijadala yetu ya afya, neno "ubingwa bobezi" limekuwa kama hirizi. Kila tatizo likitajwa, jibu ni lile lile: tusomeshe mabingwa bobezi zaidi, ikiwezekana ng'ambo. Sibishani na haja ya kusomesha. Ninachohoji ni dhana iliyojificha nyuma ya jibu hilo, kwamba duniani kuna ngazi moja tu ya kupanda hadi kuwa bingwa wa ugonjwa fulani, na kwamba wajibu wetu ni kuichukua kama ilivyo. Historia ya tiba ya kiharusi inaonesha vinginevyo.

Kwa karne nyingi kiharusi hakikuwa na mwenyewe. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, tabibu wa Schaffhausen nchini Uswisi, alichapisha matokeo ya kupasua maiti na kuonesha kwamba baadhi ya waliokufa kwa kiharusi walikuwa wamevujia damu ndani ya ubongo. Elimu ikapatikana, tiba haikupatikana. Kwa takriban miaka 300 iliyofuata, daktari alifika, akatazama, na hakuwa na la kufanya. Ugonjwa usiotibika haugombewi. Katika kila nchi ulimwangukia yule aliyekuwa karibu na kitanda cha mgonjwa, na hapo ndipo njia za mafunzo zilipoachana.

Nchini Uingereza, aliyekuwa karibu ni daktari wa wazee. Mwaka 1935 Dkt. Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, London, alikabidhiwa mamia ya wagonjwa kutoka makazi ya maskini, wengi wao wakiwa wamelazwa kwa miaka, na miongoni mwao waliopooza kwa kiharusi. Aliwapima mmoja mmoja, akawainua vitandani, akawafundisha upya kusimama na kutembea. Kutokana na kazi ya watu kama yeye, tiba ya wazee ilikua kuwa taaluma kamili, na kiharusi kikawa sehemu ya urithi wake. Ndiyo maana Uingereza ilipokuja kutambua rasmi utaalamu wa kiharusi mwanzoni mwa karne hii, haikuufungia kwa madaktari wa mfumo wa fahamu peke yao. Mlango uliachwa wazi kwa waliotoka katika taaluma kadhaa.

Marekani ilipita njia nyingine. Huko kilichoamua mambo ni dawa na saa. Mashine ya CT scan, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, ilikuwa imekwisha kuwezesha madaktari kutofautisha kiharusi cha kuvuja damu na kile cha mshipa kuziba. (Tusisahau kwamba Allan Cormack, aliyetunukiwa Nobeli ya mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield kwa uvumbuzi huo, alizaliwa Johannesburg na alianza kulifikiria suala hilo akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.) Mwaka 1995 utafiti wa wagonjwa 624 ulionesha kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplase, ikitolewa ndani ya saa 3, huongeza idadi ya wanaopona bila ulemavu mkubwa. Mwaka uliofuata dawa hiyo iliidhinishwa. Ghafla kiharusi kikawa ugonjwa wa dharura, na madaktari wa mfumo wa fahamu wakaudai. Mtihani wa kwanza wa ubobezi huo ulifanyika mwaka 2005. Anayeufikia hupitia, baada ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa magonjwa ya ndani, miaka 3 ya mfumo wa fahamu, na mwaka mwingine wa kiharusi pekee.

Japani nayo ilikuwa na sababu zake. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1980 kiharusi kiliongoza kwa kuua watu nchini humo, na kuvuja damu ndani ya ubongo kulikuwa jambo la kawaida. Mpasuaji wa ubongo ndiye aliyeshika usukani, na hadi leo wapasuaji wana nafasi kubwa katika tiba ya kiharusi kuliko ilivyo katika nchi nyingi za Magharibi.

Kwa hiyo mgonjwa yule yule angepokewa na daktari wa wazee, daktari wa mfumo wa fahamu au mpasuaji, kutegemea nchi alikoangukia. Tofauti hizo zilitokana na historia ya kila taifa, na hazina utakatifu wowote.

Liko jambo jingine ambalo wapanga mipango hulisahau. Moja ya mafanikio makubwa katika tiba ya kiharusi lilitangulia dawa yenyewe. Mwaka 1991 madaktari wa Trondheim, Norway, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 220 waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu wodi ya kawaida, nusu wodi maalumu ya kiharusi. Baada ya wiki 6, waliokufa katika wodi ya kawaida walikuwa takriban 17 kati ya kila 100. Katika wodi maalumu, 7. Siri ilikuwa mpangilio: wauguzi waliofunzwa, fiziotherapia mapema, mgonjwa kuinuliwa kitandani, na timu moja yenye utaratibu mmoja.

Ujerumani, nchi isiyo na uhaba wa mabingwa, ilijifunza hilo pia. Mwaka 2003 jimbo la Bavaria liliunganisha kwa video vituo viwili vya mabingwa, Munich na Regensburg, na hospitali 12 za mikoani. Hospitali hizo ndogo zilianzisha wodi za kiharusi, watumishi wake wakafunzwa, na bingwa akawa anamwona mgonjwa kupitia kioo. Anayedai kuwa mpango wa namna hiyo ni tiba ya kimaskini aulizwe kama Bavaria ni maskini.

Sasa tujitazame. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo katika maeneo matatu ya Tanzania. Miongoni mwa wanawake wa Dar es Salaam wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua 88 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales, chini ya 9. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003 hadi 2006, ulikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 jijini humo, na 109 wilayani Hai. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Dunia la madaktari wa mfumo wa fahamu yalionesha kuwa nchi tajiri zina mabingwa wa ubongo na fahamu, wakiwemo wapasuaji, 71 kwa kila watu milioni. Nchi za kipato cha chini, kundi tulilokuwamo wakati huo, 1.

Pengo la mara sabini halizibwi kwa ufadhili wa watu wachache. Tukisubiri hadi kila mkoa upate bingwa wa kiharusi wa mtindo wa Marekani, kizazi kizima kitazikwa. Mabingwa hao tunawahitaji, lakini kazi yao ya kwanza iwe kufundisha. Aliye karibu na kitanda hapa kwetu ni daktari wa magonjwa ya ndani wa hospitali ya mkoa, muuguzi, na tabibu wa kituo cha afya anayeweza kupima shinikizo la damu kabla mshipa haujapasuka. Hao ndio wanaopaswa kupewa mafunzo ya kiharusi yanayotambuliwa katika muundo wa utumishi na kulipwa ipasavyo.

Uingereza, Marekani na Japani kila moja ilianza na yule aliyekuwepo, ikamwendeleza. Sisi tuna watu hao tayari. Kilichobaki ni kuwapa elimu, wodi na mamlaka, na huo ni uamuzi wa kisiasa.