Maji Yaliyofufua Visima vya Bradford
Mwaka 1881 eneo la Bradford, jimboni Pennsylvania, lilitoa zaidi ya robo tatu ya mafuta yote ya Marekani. Haikuchukua muda visima vikawa hoi. Gesi iliyokuwa ikisukuma mafuta juu ilipungua, na mafuta mengi yakabaki yamenasa ndani ya mwamba wa mchanga.

Ukombozi ulikuja kwa ajali. Mabomba ya visima vilivyotelekezwa yaliliwa na kutu, maji ya tabaka za juu yakateremka hadi kwenye mwamba wa mafuta, na visima vya jirani vikaanza kutoa zaidi. Mwanajiolojia John F. Carll alikwisha kudokeza jambo hilo mwaka 1880. Sheria, hata hivyo, iliagiza visima vilivyoachwa vizibwe, basi watu wakawa wanaingiza maji kwa siri mpaka jimbo liliporuhusu mwaka 1921. Baadaye visima vilipangwa kwa hesabu: vinne vya maji pembeni, kimoja cha mafuta katikati. Mwaka 1937 Bradford ilifikia kilele chake cha pili.

Lakini maji huleta wageni. Mwaka 1926 Edson Bastin wa Chuo Kikuu cha Chicago alitangaza kuwa maji ya visima vya mafuta yana bakteria wanaogeuza salfeti kuwa salfaidi. Hatari hiyo ilionekana wazi zaidi kampuni zilipoanza kusukuma maji ya bahari chini ya Bahari ya Kaskazini, kwani kila lita yake hubeba karibu gramu 2.7 za salfeti. Gesi ya salfaidi hula vyuma na huua watu. Inanuka kama yai viza, ila ikizidi huifisha pua, na mfanyakazi hudhani imeondoka. Hakuna anayepaswa kutegemea pua yake mahali kama hapo.

Ili kuchunguza hatari hiyo, maabara huiga mwamba wa mafuta kwa mrija ulioshindiliwa mchanga na kuloweshwa mafuta ghafi, kisha maji ya bahari hupitishwa polepole kwa wiki nyingi. Kuchota sampuli kuna kasoro, maana salfaidi huharibika haraka ikikutana na hewa. Ndiyo maana waya wa fedha uliofunikwa salfaidi ya fedha, mweusi tii, huwekwa penye mkondo wenyewe. Salfaidi ikiongezeka mara kumi, volteji ya waya hubadilika kwa takribani milivolti 30, mradi ukali wa asidi usibadilike.

Mirija hiyo ndiyo inayoonyesha kiasi cha nitrati kinachotosha kuwapa nguvu bakteria wa aina nyingine, wawashinde wale wa salfeti. Huko Gullfaks, nchini Norwei, nitrati ilianza kuingizwa mwaka 1999, na salfaidi ikapungua.