Kifungu cha Kumi na Tano

Wazee waliofanya kazi viwandani miaka ya sabini wanakikumbuka kifungu cha 15. Ni cha Mwongozo wa TANU, uliotolewa Februari 1971. Kifungu hicho kilimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu, kikamtaka awaheshimu anaowaongoza.

Wafanyakazi walikishika kama ngao. Migomo mingi iliyofuata haikudai mishahara, ilipinga matusi na dharau za mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendesha kazi wenyewe. Lakini wenzao waliojaribu kuiga mahali pengine walifukuzwa kazi. Haki iliyoandikwa na wakubwa ilikoma pale wakubwa walipochoka nayo.

Je, heshima kazini ilianza na karatasi hiyo? Hapana. Huku Usukumani tulikuwa na elika, kikundi cha vijana cha kulima kwa pamoja. Kiongozi wao, nsumba ntale, alichaguliwa na vijana wenyewe. Aliyetega kazi aliadhibiwa, lakini na kiongozi naye alijua kwamba waliomweka wanaweza kumwondoa. Hiyo ndiyo heshima ya pande mbili.

Leo, msimu wa pamba ukifika, vibarua wengi wa Bariadi huenda kwenye vinu vya kuchambulia pamba. Katika kimojawapo nimemsikia msimamizi kijana akimwita mtu wa umri wa baba yake, "Wewe kibarua, njoo hapa!" Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya malipo, mkononi mwa kijana huyo huyo.

Wengine watasema hilo ni dogo, kazi ni kazi. Mimi nasema si dogo. Pamba hushika moto kwa cheche moja, na moto huweza kujificha ndani ya robota. Wa kwanza kunusa moshi ni yule kibarua. Aliyezoea kufokewa kila afunguapo kinywa atasita kusema, na dakika hizo ndizo zinazounguza ghala.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na unyanyasaji wa kibaguzi kazini. Lakini kibarua wa msimu mmoja, anayeogopa kukosa kazi kesho, ataanzia wapi kushtaki?

Kwa hiyo tuanzie pale mlangoni asubuhi. Msimamizi amwite mtu kwa jina lake. Akikosea, amrekebishe pembeni, si mbele ya wenzake. Naye mfanyakazi afike kwa wakati, asije amelewa, asijibu kwa jeuri. "Mwangaluka" ya asubuhi haipunguzi cheo cha mtu yeyote.

Hadi wiki ijayo, kazi njema.