Kitu Kimoja, Sura Nyingi

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwasisitizia wanachuo wasimwonyeshe mtoto kitu kwa upande mmoja tu. Kikombe ukikitazama kutoka juu ni duara. Ubavuni ni kama mstatili wenye mkono. Sisi twajua ni kikombe kilekile. Kuifundisha mashine jambo hilo kumewashughulisha wataalamu miaka mingi.

Mwaka 1964, Anthony Vander Lugt wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha njia ya kutambua maumbo kwa mwanga. Mwanga wa leza hupita kwenye picha, kisha kwenye lenzi inayoupanga kwa namna inayotokana na umbo lililomo. Hapo hukuta kichujio, yaani hologramu ya umbo linalotafutwa. Vikilingana, lenzi ya pili huukusanya mwanga uwe nukta kali, ikionyesha mahali umbo lilipo. Picha nzima hulinganishwa kwa mara moja.

Umbo likisogezwa kando, nukta husogea nalo. Lakini likigeuzwa nyuzi chache tu, nukta hufifia. Kwa picha inayozungushwa juu ya meza, Hsu na Arsenault walipata dawa mwaka 1982. Kitu chenyewe kikigeuka na kuonyesha mgongo, hilo ni jambo jingine: kichujio kilichorekodi uso hakina habari za kisogo. Tangu 1980 Hester na Casasent walikuwa wameonyesha namna ya kuunganisha sura kadhaa katika kichujio kimoja. Njia hiyo ilisaidia, ingawa sura zikizidi mno, kichujio huanza kuchanganya kitu na kisicho chenyewe.

Tusiicheke mashine. Mwaka 1971 Shepard na Metzler waliwapa watu michoro ya maumbo yaliyojengwa kwa vijiti vya michemraba, wakauliza kama mawili ni umbo moja. Kadiri pembe kati ya michoro ilivyoongezeka, ndivyo jibu lilivyochelewa. Kumbe hata akili yetu hukigeuza kitu polepole kabla ya kukitambua.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mwanafunzi anayepimwa kwa mtihani mmoja. Karatasi ile ni sura yake ya siku moja. Mwalimu aliyemwona shambani, uwanjani na darasani ana sura nyingi zaidi, na ni haki ya mtoto zitazamwe zote, bila haraka.