Gangkhar Puensum: Kilele kinacholindwa na sheria

Gangkhar Puensum ni mlima mrefu kuliko yote nchini Bhutan, ufalme mdogo ulioko katika safu ya Himalaya, kati ya India na China. Mlima huo una urefu wa mita 7,570 kutoka usawa wa bahari, na unahesabiwa kuwa mrefu zaidi duniani kati ya ile ambayo kilele chake hakijafikiwa na binadamu. Jina lake hufasiriwa kuwa kilele cheupe cha ndugu watatu wa kiroho.

Everest, wenye urefu unaozidi mita 8,800, ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Gangkhar Puensum ni mfupi kwa zaidi ya mita 1,200, lakini haujapandwa hadi leo.

Bhutan ilifungua milima yake kwa wapandaji wa kigeni mwaka 1983. Katika miaka ya 1985 na 1986, misafara minne ilijaribu kukifikia kilele hicho na yote ikashindwa. Hali mbaya ya hewa na ramani zisizo sahihi vilikuwa miongoni mwa vikwazo.

Mwaka 1994 Serikali ilipiga marufuku kupanda vilele vinavyozidi mita 6,000, kwa kuheshimu imani ya wenyeji kuwa vilele hivyo ni makao ya miungu. Mwaka 2003 marufuku hiyo ilipanuliwa na kuhusu upandaji wote wa milima.

Mlima huo uko katika eneo la mpaka na Tibet, ambako Bhutan na China hazijakamilisha makubaliano ya mpaka. Mwaka 1998 Wajapani walipewa kibali na China cha kuupanda kutokea upande wa Tibet, lakini kibali hicho kiliondolewa baada ya Bhutan kupinga. Mwaka uliofuata walipanda kilele jirani cha Liankang Kangri, chenye mita 7,535, wakaishia hapo.

Uamuzi wa Bhutan una gharama. Nepal, nchi nyingine ya Himalaya, hujipatia mapato kutokana na ada za vibali vya kupanda milima. Bhutan imeridhia kuyakosa mapato hayo: wageni huruhusiwa kutembea mabondeni na kuutazama mlima huo kwa mbali, lakini si kuukwea.