Ndama Walilala Wapi

Mwaka jana nilimpeleka bibi Bujora, karibu na jiji la Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement. Tulitoka Kharumwa alfajiri. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Operesheni Vijiji, nikataka anieleze msonge akiwa ameusimamia: ukuta wa miti, paa la nyasi lililochongoka.

Bibi aliinama mlangoni, akachungulia, akauliza, "Mjukuu wangu, ndama wanalala wapi?"

Kwao ndama walilala ndani, upande wa pili wa kitanda, na moshi wa mafiga uliwafukuzia mbu. Ng'ombe wakubwa walikuwa zizini, hatua chache kutoka mlangoni, ili wakiguswa usiku babu asikie. Msonge ulikuwa nyumba ya mifugo na watu kwa pamoja.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata bibi alihama. Huko nyumba zilipangwa kwa mstari.

"Kiwanja kilitutosha watu," aliniambia tukirudi. "Ng'ombe hakikuwatosha." Babu aliwapeleka kwa ndugu, mbali. Wengi hawakurudi.

Katika rasimu yangu kulikuwa na sura nzima kuhusu kaya zilizohamishwa. Nilikuwa nimehesabu watu tu. Nimeifuta. Sasa kila mzee ninayemhoji namwanzia na swali la bibi, na kila mmoja hunyamaza kwanza kabla ya kujibu.